Gunzi la Riungu

Watu wa Nkubu walimjua Ciakuthii kwa vitu viwili: vibuyu vyake vya uji, ambavyo havikuwahi kuwa na takataka hata punje, na pikapu yake ya dizeli, ambayo watu walisikia ikija kabla hawajaiona. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kichwa kigumu. Shule aliiacha darasa la pili, siku mwalimu alipomchapa kwa kosa la mwingine. Alibeba kibao chake akaenda nyumbani. Baba yake alijaribu kumrudisha, akashindwa. Padri naye alipojaribu, mtoto akamwambia kwamba akirudi atarudi kumchapa mwalimu, basi wote wakaona afadhali achunge mbuzi.

Kuendesha gari alifundishwa na mumewe, Riungu, mwaka ule kahawa ilipopanda bei hadi watu wakanunua vitu wasivyojua kuvitumia. Riungu alinunua pikapu. Jumapili baada ya misa alimpeleka mkewe kwenye uwanja wa kiwanda cha kahawa, akamketisha kwenye usukani, na wanaume wakajipanga ukutani kuangalia.

"Riungu!" mmoja akaita. "Leo umempa mwanamke usukani, kesho atakupa mtoto umbebe mgongoni!"

"Nimeshambeba," Riungu akajibu. "Hakunilemea. Wewe wako hata jina unalisahau."

Ciakuthii akavua viatu, maana alisema mguu ndani ya kiatu hausikii gari, akaiondoa pikapu kwa kurukaruka kama ndama aliyefunguliwa. Kufikia Pasaka alikuwa anapeleka ndizi Embu peke yake, na wale wa ukutani ndio walikuwa wakimwomba awabebee mikungu yao.

Sasa, jambo la gunzi lilianza hivi. Mwaka wa ile mvua kubwa ya El Nino, mwizi aliwaibia kifuniko cha tangi pale sokoni Embu. Riungu hakuhangaika. Aliokota gunzi la mahindi, akalichonga kwa kisu likatosha mdomo wa tangi, akalizungushia kipande cha suruali yake ya kaki, ncha ikabaki nje, akalifunga kwa uzi.

"Si hivi ndivyo mnavyoziba vibuyu?" alimwambia mkewe. "Basi na gari inywe uji."

Wakacheka wote wawili. Ilikuwa ni ya kusukuma siku, wapate kifuniko kingine. Lakini mvua ile ilimwingia Riungu kifuani, na kabla haijaisha walikuwa wamemzika chini ya migomba.

Baada ya hapo nguo zake ziligawanywa, kama desturi inavyotaka. Koti likaenda kwa ndugu, viatu vikaenda kwa binamu, fimbo ikaenda. Hakuna aliyekumbuka kuomba gunzi. Ciakuthii akalishika hilo. Kwenye vituo vya mafuta alilichomoa mwenyewe, akalishika mkononi mpaka mafuta yajae, akalirudisha mwenyewe. Kijana wa kituo akinyoosha mkono, anapigwa jicho tu. Kila lilipolegea aliongeza uzi. Na kila aliyemwambia anunue kifuniko alijibiwa, "Hiki kimekukosea nini?"

Ndipo, miaka ikiwa imepita, gari likaanza kufa.

Lilikuwa linakufa kwa namna ya ajabu. Asubuhi linawaka vizuri, linatelemka mlima wa Igoji likiimba. Likianza kupanda na mzigo, nguvu zinaisha polepole, kama mtu anayekumbuka kwamba hajala, kisha kimya. Ciakuthii anakaa kando ya barabara muda wa kuchambua maharagwe ya sufuria moja, anawasha tena, gari linaondoka kana kwamba halijawahi kuugua. Kwenye mlima unaofuata, kimya tena.

Siku moja lilifia njia ya kanisani, watu wakitoka misa. Shemeji yake Mutegi, ndugu mdogo wa Riungu, alileta mafahali wake wa mkokoteni akaivuta pikapu hadi nyumbani mbele ya wanakwaya. Ciakuthii alikaa kwenye usukani ameinua kidevu, akishika njia nyuma ya mikia ya ng'ombe. Alikuwa radhi kufa kuliko kushuka.

Jioni hiyo Mutegi alikuja kwake. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka kuchekwa.

"Mama Kathuri," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "hii gari iliondoka na ndugu yangu. Wewe unavuta maiti. Kuna mtu ananunua vyuma. Atakuja si kesho, Jumatatu inayofuata."

"Baba Gacheri," Ciakuthii akajibu, naye akimwita kwa jina la mtoto wake, "mimi nikifa utaniuza vyuma pia?"

"Wewe huna chuma. Una mdomo tu."

Walibishana mpaka chai ikapoa, na mwishowe wakapatana mbele ya mzee Muthamia, mkubwa wa ukoo. Jumatatu hiyo pikapu itapeleka ndizi Embu na kurudi, Mutegi akiwa ndani. Ikifika nyumbani bila kuvutwa wala kupumzishwa, habari ya kuuza imeisha, asiitaje tena. Ikifa popote, hata kidogo, ufunguo utaenda kwa mnunuzi. Ciakuthii akakubali upesi sana. Alipofunga mlango ndipo akajiuliza: Bila gari, yeye angekuwa nini? Mjane mwingine wa kuketi kando ya barabara na mikungu miwili, akingoja bei ya mtu mwingine.

Kesho yake akaenda Embu, gari likizimika na kuwaka, kwa fundi Kivuti. Gereji ya Kivuti ilikuwa kwenye kiwanja nje ya mtaa wa Dallas, chini ya mabati yaliyotobokatoboka. Alikuwa mtu mrefu wa Mbeere, mwenye maneno mengi, na walikuwa wametukanana kwa heshima kwa miaka mingi.

"Mama Kathuri, umeleta mgonjwa au umeleta kesi?"

"Wewe ndiye kesi. Ulibadilisha filta, gari inakufa. Ukatoa nozo za mafuta ukazipeleka kupimwa, gari inakufa. Sasa utabadilisha nini, dereva?"

"Dereva ndiye ningeanza naye, lakini spea zake hazipatikani tena."

Ciakuthii akacheka bila kutaka. Kivuti akafungua boneti. Alilegeza nati ya juu ya filta, akasukuma kile kipampu cha mkono, akaangalia mafuta yakitoka. Dizeli ikija na mapovu ujue kuna paipu inavuta hewa mahali. Haikuwa na mapovu, ilitoka safi kama mafuta ya kupikia. Akafunga, akafikiri. Kisha akauliza kama daktari, polepole: Inakufa ikiwa baridi au ikiwa imepata moto? Inakufa ikiwa tupu? Ikifa inatoa moshi gani? Ciakuthii akajibu yote. Na hapo Kivuti akatembea hadi ubavuni mwa gari, akanyoosha kidole.

"Na hili gunzi..."

"Gunzi liache."

"Mama, nilikuwa nauliza tu kama..."

"Nimesema liache. Gari inaugua mbele, wewe unaenda kuishika nyuma. Hilo ni la Riungu."

Kivuti akauzungusha ulimi mdomoni. Alimjua Riungu. Alikuwa amekuja mazishini kwa kubadilisha magari mawili, na mvua yote ile. Alipotea nyuma ya gereji, akarudi na mtungi wa plastiki uliooshwa vizuri, umejaa dizeli mpya.

"Sawa. Gunzi sigusi. Leo gari haitakunywa kutoka kwa tangi yake. Itanyonyeshwa na mimi."

Akaufunga mtungi kwa kamba nyuma ya vichwa vyao, juu kuliko injini, akashusha paipu kutoka hapo moja kwa moja hadi kwenye filta. Paipu ya tangi akaikunja kando. Akapakia injini mbili za zamani zilizokufa, ziwe badala ya ndizi, wakashuka njia ya Runyenjes hadi daraja la Thuci. Hapo wakageuza.

"Panda," Kivuti akasema. "Na usiihurumie."

Ciakuthii akavua viatu. Mlima wa Thuci unajua kuuliza gari maswali. Kona ya kwanza wakapita. Kona ya pili, pale ambapo sauti ilikuwa inaanza kupungua, yeye akabana meno akingoja. Haikupungua. Pikapu ikapanda ikinguruma, mbuzi wakakimbia barabarani, wakatoka juu kwenye mashamba ya chai na kahawa bila kukohoa hata mara moja. Ciakuthii akapiga kelele kama msichana.

"Imepona! Kivuti, imepona!"

Kivuti hakucheka. "Haijapona, mama. Imetuambia tu mahali inapoumwa. Pampu ni ile ile, nozo ni zile zile, mlima ndio huo. Tulichobadilisha ni tangi peke yake."

Ciakuthii akasimamisha gari chini ya mti wa mugumo... hapana, hata mti haukuwapo, alisimama tu juani kando ya barabara. Alikaa na mikono kwenye usukani. Kivuti akaangalia dirishani upande wake, akimpa nafasi.

Alikuwa ameshaelewa. Mtu asidhani alihitaji kuelezwa. Nyumbani kwake, gunzi la kibuyu cha uji halikai. Likianza kulainika, linatupwa, linachongwa jingine, maana likiachwa linameguka, na mgeni anakunywa uji huku anatema makapi. Binti zake aliwafundisha hivyo kwa makofi. Uji wa wiki moja aliulinda namna hiyo, na tangi hii, inayomlisha, alikuwa ameiziba kwa gunzi moja tangu mvua ile mpaka sasa, akilikaza uzi, akilikaza uzi.

Akashuka pekupeku kwenye lami ya moto. Akazunguka. Akalichomoa gunzi mwenyewe, akalibinya. Vidole vyake vikakutana katikati. Kitambaa cha kaki kilikuwapo, uzi ulikuwapo, mafundo yake yote yalikuwapo. Ndani hamkuwa na gunzi ila kipande kidogo kama jino la mtoto.

"Fundi," akaita. "Gunzi limeenda wapi?"

"Unajua limeenda wapi."

Waliporudi gereji Kivuti alishusha tangi. Alimimina dizeli yote kwenye beseni kuukuu, na makapi yakatoka nayo, mekundu, yamevimba kama pumba zilizolowekwa, na maji kidogo chini, ya mvua iliyopenya. Ndani, kwenye mdomo wa paipu ya kunyonyea, kulikuwa na kichujio kidogo kama cha chai, nacho kilikuwa kimevaa makapi kama blanketi.

"Ona," Kivuti akasema. "Ukikanyaga moto kupanda mlima, pampu inavuta, makapi yanakimbia hapa yanaziba. Mafuta hakuna, gari inakufa. Ukipumzika, hakuna kinachovuta, makapi yanaachilia, yanaelea. Unawasha, inaenda. Kwa hiyo filta nikifungua nakuta safi, kwa sababu uchafu haufiki huko. Uliniweka mlangoni siku zote hizo, mama, na mwizi yuko chumbani."

"Ungesema."

"Nikuambie nini? Kwamba Riungu ndiye anayeizima?"

Ciakuthii aliomba maji na sabuni, akapiga magoti, akaosha tangi ile kwa mikono yake kama anavyoosha kibuyu, akitingisha, akimwaga, akinusa, akirudia. Kivuti alitaka kumsaidia, akaambiwa akae. Waliianika juani mpaka ikakauka kabisa, Kivuti akaipuliza kwa upepo wa mashine, akarudisha, akatoa hewa kwenye paipu. Kisha akaleta kifuniko cha chuma chenye ufunguo wake mdogo, akakiweka juu ya boneti, akajifanya anatafuta spana. Aliporudi, kifuniko kilikuwa mahali pake.

Jumatatu Mutegi alipanda mbele akiwa amevaa koti la Riungu. Kwenda Embu gari halikuzima. Kurudi, walipotelemka Mutonga na kuvuka daraja, akajisogeza kwenye kiti, maana mlima wa kupanda Igoji ndio ulikuwa kaburi la pikapu ile. Nyuma walikuwa wamebeba magunia ya mchanga, aliyoyataka Mutegi mwenyewe, mzigo usipungue.

"Mama Kathuri, ukiona inachoka, simama. Hakuna aibu."

"Nikiona unachoka wewe, nitasimama."

Pikapu ikapanda. Mutegi alikuwa ametega sikio, na Ciakuthii naye, kila mmoja akingoja kikohozi kile kile, mmoja akikiogopa, na mwingine, kwa kweli, kufikia nusu ya mlima hata yeye alikuwa hajui tena anataka nini. Walipotokea Igoji juu, Mutegi alijikuta ameshika dashibodi kwa mikono miwili, anasukuma.

"Ilikuwa na nini?" akauliza hatimaye.

Ciakuthii angeweza kusema ni pampu.

"Ni mimi," akasema. "Nilimwachia ndugu yako kazi ambayo alikuwa ameshaimaliza."

Mutegi aliangalia ufunguo mdogo uliokuwa ukining'inia na ule wa gari. Ulikuwa umefungwa kitambaa cha kaki, kimefuliwa, hakina hata harufu ya dizeli. Alikitambua. Akainua mkono akalishika koti kifuani, kwenye kifungo, hadi Nkubu.

Nyumbani lori la mnunuzi wa vyuma lilikuwa limeegeshwa langoni, mwenyewe amekaa kivulini na kamba yake tayari. Ciakuthii hakuzima injini. Alitoa shingo dirishani.

"Baba, sogeza lori lako," akamwambia. "Kuna watu wanataka kuingia kwao."

Mutegi ndiye aliyeshuka kumwonyesha pa kugeuzia.