Mpima Kutu wa Njoro

Kazi ya mzee mmoja, mgonjwa wetu, ni kupima kutu, ule ugonjwa wa ngano wenye vumbi jekundu, huko Njoro, na hata kwenye kliniki yetu ya saratani huja na bua moja mfukoni mwa shati. Akingoja zamu hulipapasa kwa kidole gumba, polepole, macho ameyafumba. Kisha hupapasa shingo yake, chini ya taya, kwa mwendo ule ule. Mionzi imemkausha sauti, kwa hiyo sisi wauguzi humwinamia tumsikie. Jumanne Daktari Nabalayo alimwonyesha picha mpya akitabasamu. "Mzee, uvimbe karibu wote umeisha. Kumebaki kadoa kadogo tu." Mzee alinishika mkono akauweka shingoni mwake, nikahisi kitu kigumu kama punje. "Sista, ukipiga dawa shambani, ile kutu dhaifu inakufa yote," alinong'ona. "Hii imebaki ndiyo imezoea dawa. Msimu ujao, shamba lote ni watoto wake." Daktari aliacha kutabasamu. Mzee akaniwekea bua lake kiganjani. Lilikuwa la kijani, safi, isipokuwa doa moja jekundu lililoniachia vumbi vidoleni. Najua saratani haiambukizi. Hata hivyo, nilinawa mikono mara tatu kabla ya kumgusa mgonjwa mwingine.