Mama Mizani Hapimiki

Mama Mizani alikuwa mtu asiyetulia. Akikaa alivuta sketi ifike magotini, akisimama aliishusha nyuma, akitembea alikutanisha koti mbele lifunike tumbo. Mikono yake ilikuwa na kazi mbili kutwa nzima: kupima watoto wa watu na kuvuta nguo zake mwenyewe.

Jina alilipata kliniki, ambako kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwaning'iniza watoto wachanga kwenye mizani na kuandika uzito kwenye kadi. Mzazi akilalamika kwamba mtoto wa jirani ni mnene kuliko wake, Mama Mizani hakumbembeleza. "Wa jirani mwache na mwili wake," alimwambia. "Huyu wako ana umbo lake, na anakua vizuri. Unataka awe nani?" Wazazi walitoka pale roho zimetulia. Yeye mwenyewe dawa hiyo hakuionja hata tone. Kinyozi hajinyoi.

Mabega yake yalikuwa membamba, nyonga pana, na makalio, kwa maneno yake mwenyewe, yalikuwa yakitoka mlangoni baada yake. Kabati lilijaa. Mlikuwa na suruali ya kubana aliyoiona kwa jirani, blauzi ya marinda aliyoiona kwa mfamasia, mkanda mpana aliouona kwa mwanamke mmoja benki ambaye hata hakumjua. Kila kimoja kilikuwa kimempendeza yule aliyekuwa amekivaa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio, lakini huyu hakuazima nguo, aliazima miili ya watu. Kila asubuhi alivaa, akavua, akavaa tena, mara nne, mara tano, mpaka kitanda kikawa kichuguu na chumba kikaonekana kama kimeingiliwa na mwizi. Kazini alifika mbio, jasho likimtoka, amevaa ile ile ya kwanza.

Mtu angecheka tu, kama isingekuwa habari ya binti yake. Alikuwa na huyo mmoja. Miaka minne nyuma, binti alipomaliza sekondari, alichaguliwa kusema machache jukwaani mbele ya wazazi. Mama Mizani alifika wakati viti vinapangwa juu ya viti. Alimkuta mwanawe ameketi kwenye ngazi za ukumbi peke yake, bahasha ya cheti mapajani. Hawakugombana. Njiani binti alimbebea mkoba kama kawaida, na upole huo ulimuuma mama kuliko tusi.

Sasa binti alikuwa anamaliza chuo cha uuguzi. Alipiga simu wiki mbili kabla.

"Mama, ni Jumamosi, saa tatu. Nakuomba. Kama unajua utachelewa niambie mapema, nisije nikakutafuta kwa macho."

Mama Mizani alikata simu, akakaa chini. Kumtafuta mtu kwa macho alikujua. Alipokuwa mwanafunzi alikuwa akikodolea mlango wa ukumbi kila siku ya wazazi, na mama yake hakuja hata mara moja. "Sina nguo," mama yake alikuwa akisema, na sanduku lake limeshiba mpaka sharti likaliwe ndipo lifungike. Mwili wake aliuficha kama deni, na Mama Mizani alipoanza kupanuka nyonga, akiwa na miaka kumi na miwili, akaanza kumwambia na yeye: "Funika hayo." Mama huyo alifariki miaka mitatu iliyopita, lakini sauti ile haikwenda kaburini.

Basi Mama Mizani akaenda kwa fundi. Huyu alikuwa mzee mkavu, anayebana pini pembeni mwa mdomo na maneno vilevile. Alikwisha kumshonea mara tatu, na mara zote tatu nguo zilirudi.

Fundi akainua futi. Papo hapo Mama Mizani akavuta pumzi. Tumbo likakimbilia mbavuni, mabega yakapanda masikioni.

"Pumua, mama."

"Si napumua?"

"Unapumua kama mtu aliyejificha chini ya kitanda." Fundi akaikunja futi, akaitia mfukoni. "Leo sikupimi. Miaka yote nimemshonea mwanamke asiyepumua. Ukifika kwako unapumua, nguo inakataa, lawama zinanijia mimi. Niletee nguo unayofulia. Ile unayoivaa ukiwa umejisahau."

Alitoka amekasirika. Njia nzima alijibishana na fundi ambaye hakuwapo. Kesho yake, hata hivyo, alimpelekea, imefichwa ndani ya mifuko miwili: gauni la kijivu, maua yake yamefifia, kiraka kwenye kiwiko.

Fundi aliligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono. "Nani alikushonea hili?"

"Si langu. La marehemu mama. Lilibaki tu, nikawa nafanyia usafi."

"Umelipunguza popote? Umeliongeza?"

"Sijaligusa hata kwa sindano."

Fundi akaguna. "Rudi Alhamisi ijayo."

Nani angemudu kungoja mpaka Alhamisi? Jumatatu alipita, akafukuzwa. Jumanne alipita upande wa pili wa barabara akijifanya ana safari zake. Jumatano kliniki aliandika uzito wa mtoto mmoja kwenye kadi ya mwingine, jambo ambalo halikuwahi kumtokea, ikabidi awakimbilie mpaka getini.

Alhamisi aliingia bila kubisha. Fundi alikuwa akipiga pasi. Karibu na dirisha alisimama mtu, amempa mgongo, amevaa gauni la kijivu. Bega la kushoto lilishuka kidogo kuliko la kulia. Kiuno kilikuwa pale pale, nyonga pale pale.

"Mama," akaita, kabla hajajua ameita.

Mtu hakugeuka, kwa kuwa hakuwa na kichwa. Lilikuwa sanamu la kujaribia nguo, la mti na vitambaa.

"Ni wewe huyo," fundi akasema bila kuinua macho. "Nimelijaza vipande mpaka gauni likatulia."

Mama Mizani alilizunguka polepole. Mgongo wake hakuwahi kuuona. Nani huuona wake? Lakini huu aliujua. Aliujua ukiwa jikoni, aliujua ukiinamia beseni, aliujua siku za homa, alipokuwa mdogo, akibebwa na shavu lake limelala juu yake. Aliupenda mgongo ule kuliko kitu chochote duniani, na hata siku moja haikumpitia akilini kwamba ni mbaya. Akalia. Alilia kwa ajili ya mama yake, na kwa uchungu wa miaka yote aliyoutukana mwili ule mbele ya kioo.

Fundi aliacha pasi, akachomoa futi, akampitishia kifuani, kiunoni, nyongani, haraka haraka. "Endelea tu, mama, usinijali. Anayelia hawezi kubana pumzi." Akalipima na sanamu. Hapakuwa na tofauti ya hata upana wa kidole.

Ijumaa jioni alimkabidhi gauni la buluu iliyoiva, shingo imefunguliwa kidogo ili mabega yapate upana, na kutoka kiunoni kitambaa kikishuka juu ya nyonga bila kuzishika. "Usizibane, usizifiche," akasema fundi. "Zipe nafasi zipite."

Mtu hawi mpya kwa gauni moja. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Mama Mizani alikwisha vaa, akajigeuza mbele ya kioo, na mkono ukaenda kabatini wenyewe. Ukatoa koti refu. La kufunika nyuma tu, alijiambia. Akalivaa, akalivua. Akalivaa tena. Funika hayo. Akatoa sketi nyeusi, akatoa suruali, akavitandaza kitandani. Saa ya ukutani ikasema saa moja. Ndipo alipomwona mwanawe kwenye ngazi zile, na bahasha ile. Aliliacha koti juu ya kitanda, kabati wazi, akatoka karibu anakimbia.

Ukumbini aliwahi mno. Mfagiaji alimwomba ainue miguu apitishe dekio. Alikaa safu ya mbele, akahama, akarudi. Mikono ilitafuta kitu cha kuvuta, haikupata, ikabaki mapajani haina kazi.

Wahitimu waliingia kwa mlango wa nyuma, wakipita katikati ya viti. Binti yake alipompita, mashavu yalikuwa yamelowa. Mama Mizani hakusikia hata hotuba moja. Nimemkosea nini tena? alijiuliza saa mbili nzima.

Nje, kwenye ngazi, alimshika mkono. "Mwanangu, mbona uliingia unalia? Si nimewahi?"

"Umewahi, mama." Binti akajifuta uso kwa bahasha. "Nilipoingia niliona mgongo mmoja pale mbele. Nikasema, bibi huyo, amekuja. Nikasahau kabisa kwamba hayupo. Nusura nitoke kwenye mstari nimkimbilie."

Mama Mizani alisimama wima, watu wakimpita mbele na nyuma, na hakuvuta chochote.

"Ndiye," akasema. "Leo amepata nguo."