Godoro Lenye Mabonde Mawili

Sina subira ya kungoja jioni ndipo niandike. Leo asubuhi baba yangu ameingia karakana kwa miguu yake mwenyewe, na mimi bado natetemeka kwa furaha. Asiyemjua atasema, kutembea tu? Basi asikilize.

Baba ni fundi wa magodoro ya pamba. Kwa miaka thelathini na minne amekaa kwenye meza moja ndefu, akichambua, akijaza, akishona pembe bila kupima. Godoro lao wenyewe, yeye na mama, halikupata zamu ya kufumuliwa na kujazwa upya hata siku moja. Mama alikuwa akimtania kwamba analaza mtaa mzima huku yeye mkewe akilala kwenye mawe.

Mama alifariki ghafla, Mungu amrehemu. Wiki ya tatu baada ya mazishi, kiuno cha baba kikakakamaa. Viatu nilimfunga mimi. Tulisema ni kazi ya kuinama. Akapigwa picha, mifupa ikaonekana salama. Tukasugua dawa, tukaweka ubao chini ya godoro, na mimi nikamkataza kuinuka. Niliomba mpaka magoti yakaota sugu. Baba akabaki kitandani akitazama ukuta, sahani ikirudi jikoni kama ilivyotoka.

Baada ya miezi mitano mshirika wake, tunayemwita Mzee Nyuzi, alikuja akiwa ameinamisha uso. Kazi zimemzidi, akasema. Baba asiporudi kufikia mwisho wa mwezi ujao, meza itabidi apewe fundi mwingine. Baba akamjibu ampe tu. Hapo ndipo nilipoogopa. Huyu ni mtu aliyewahi kuninunia siku mbili kwa sababu nilihamisha mkasi wake.

Nikampeleka kwa daktari mwingine, mama mmoja mpole. Hakuanza na mgongo. Aliuliza habari za usingizi, za chakula, na kitu gani kilimfurahisha baba mara ya mwisho. Baba akawaka.

"Kwa hiyo unasema najifanya?"

"Hapana, mzee wangu. Maumivu yako ni ya kweli. Lakini una sonona pia, huzuni iliyogeuka ugonjwa. Mgongo unauchosha moyo, na moyo unauzidishia mgongo. Tutatibu vyote viwili."

Akampa vidonge, akampangia kuzungumza na mshauri kila Alhamisi, akamwamuru atembee. Kulala kutwa, alisema, ndiko kulikozidi kumkakamaza. Nilitamani sakafu inimeze.

Tukaanza kuhesabu nguzo za umeme. Karakana iko nguzo ya tisa kutoka kwetu. Siku ya kwanza, moja, na baba akarudi amenuna. Wiki ya tatu, tatu. Mzee Nyuzi alikuwa akitoka mlangoni na kumpigia kelele kwamba hata konokono angekuwa ameshafika na kunywa chai. Juzi, sita. Na mwisho wa mwezi ni leo.

Asubuhi baba aliniita chumbani. Alikuwa amefunua shuka. Godoro lilikuwa na mabonde mawili, lake na la mama, na pembeni kabisa, karibu na ukingo, alama nyembamba ambako amekuwa akijibana miezi yote hii.

"Sikutaka kulivuruga la mama yako," akasema. "Nikilifumua hili, mwanangu, nitakuwa nimemtoa humu ndani."

Tukalia wote wawili, kisha yeye ndiye akaanza kulikunja, tulipeleke karakana.

Mimi nikalibeba kichwani, yeye mbele. Nguzo ya sita tukaipita. Ya saba akaishika, jasho likimtoka, nami nikawa nasali kwa sauti barabarani bila kujali nani anatazama. Ya nane. Mzee Nyuzi alikuwa mlangoni. Ya tisa!

"Umechelewa kazini," Mzee Nyuzi akasema.

"Nimekuja na mteja," baba akajibu, akionyesha godoro.

Kiuno bado kinauma, amekiri mwenyewe, na Alhamisi ataenda kwa mshauri kama kawaida. Lakini alikaa kwenye meza yake, akapapasa kulia, akapapasa kushoto, uso ukakunjamana.

"Nani amehamisha mkasi wangu?"

Nikamshukuru Mungu palepale, nimesimama katikati ya pamba.