Hodi Isiyo na Jina

Harufu ya majani ya mnazi yaliyolowekwa ni nzito na ina uchachu kidogo, na kila ninapoinusa narudi uani kwetu Changamwe, mwaka ule Vita Vikuu vya Pili vilipokuwa vingali vikiendelea na unga wa posho ukiwa wa mahindi ya njano. Nilikuwa na miaka tisa. Nyumba yetu ya udongo ilikuwa na vyumba viwili na iliipa mgongo njia ya reli. Jiko lilikuwa kibanda cha peke yake upande wa kulia. Kati ya nyumba na jiko ndipo mama alipokuwa akishona makuti. Unachukua kijiti kirefu, unakunja jani juu yake, unalibana kwa jani la pili, unashona kwa kamba, unaendelea hivyo mpaka kijiti kijae. Jirani yetu, Bi Tatu, mjane mwenye mikono mikavu na ulimi mwepesi, alikuwa akija asubuhi kushona naye, kisha huenda kwake kupika na kusali. Baba alikuwa kibarua wa reli, akitoka alfajiri na kurudi jua likianza kupoa. Nayataja haya kwa mpangilio kwa sababu yaliyotupata yalitegemea sana nani alikuwa wapi, na saa ngapi.

Wakati wa masika tulimzika mdogo wangu wa miezi saba, aliyeondoka kwa homa ya siku tatu. Nilitarajia mama alie, lakini alinyamaza. Akawa hali, halali, anakaa na kuti lilelile mapajani toka asubuhi mpaka adhuhuri, na nikimgusa mkono nausikia moyo wake ukimwenda mbio kama wa mtu aliyepanda mlima. Kisha akaanza kuitika. Mama alilelewa Kaloleni katika nyumba ambayo msichana akiitwa husema “abee” kwanza, ndipo aulize nani anamwita. Kuchelewa kuitika kulikuwa na fimbo yake. Basi siku moja, sisi wawili tukiwa peke yetu, alisema “abee” waziwazi, akaweka kuti chini, akazunguka nyuma ya nyumba upande wa reli. Nilimfuata. Hapakuwa na mtu. Uji ukaungua jikoni. Kesho yake akaitika mara mbili, na wiki iliyofuata sikuweza tena kuhesabu kwa vidole.

Aliniambia mwenyewe, bila kuficha, kwamba ilikuwa sauti ya mwanamke asiyemjua. Ilimwita kwa jina lake la utotoni, na alipoitika ilipata nafasi ya kusema. Ilisema mtoto alikufa kwa uzembe wake. Ilisema asile chakula cha watoto waliobaki. Siku moja nilitoka shule nikamkuta amesimama kando ya reli, kanga imemdondoka begani, na nilipomshika mkono alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Hakusema sauti ilikuwa imemwambia nini hapo, nami sikumuuliza. Tangu siku hiyo baba hakukubali mama aachwe peke yake, nami nikaachishwa shule kwa muda nikae naye. Kanisani walimwombea. Wengine walishauri apungwe pepo, baba akakataa kwa upole. Na habari zilipofika Kaloleni, kaka yake baba, ambaye sisi watoto tulimwita baba mkubwa, alileta ujumbe: atakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi, na kama ni kweli shemeji yake anazungumza na hewa, mimi na kaka yangu Charo tutahamia kwake, na mama apelekwe kule bara wanakofungiwa watu wa namna hiyo. Baba mkubwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Akisema, limesemwa.

Bi Tatu alipousikia ujumbe huo hakutikisika. Aliendelea kukunja jani lake, akamtazama mama. “Wewe, Mama Charo, adabu zako zimezidi. Mtu hakupiga hodi, hakutaja jina, nawe wamwambia abee? Mimi hata kadhi akija mlangoni kwangu kimyakimya, simwitikii.” Mama alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu mazishi. Bi Tatu akaendelea kwamba huyo mwanamke kama ana maneno mengi, basi aje ashike kamba ashone, maana kuna vijiti ishirini vinangoja.

Lilianza kama mzaha, likawa sheria ya nyumba. Kila mtu aliyekuja kwetu, hata baba akirudi kazini, hata mimi nikitoka kisimani, alipiga hodi na kutaja jina lake. Sauti isiyotaja jina haikuitikiwa. Na mama akishindwa kujua kama aliyoisikia ni ya nje au ya ndani, aniulize mimi: “Kadzo, umesikia?” Nami nijibu kweli tupu. Bi Tatu alinionya mbele ya mama nisimwahi. “Ngoja akuulize mwenyewe. Ukimtangulia, utakuwa umemfanya mtoto.”

Mimi niliongeza langu. Nilikuwa nimejifunza kuandika, na nilipenda kila kitu kiwe na safu yake, kwa hiyo nikachora kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko sehemu nne: asubuhi, adhuhuri, alasiri, magharibi. Kila mama aliponiambia sauti imekuja, niliweka alama. Baada ya wiki mbili mlango ulikuwa karibu mtupu kote isipokuwa sehemu moja iliyojaa. Sauti ilikuja baada ya adhuhuri, Bi Tatu akishaondoka, na ilikuja zaidi siku ambazo mama hakula. Nilimwonyesha Bi Tatu mlango. Aliutazama, akasema kuanzia kesho atapika alfajiri, atasali hapa hapa uani kwetu, na hatamaliza chakula chake mpaka mama amalize chake. Kwa hiyo saa ile mbaya ikawa saa ya watu wawili na sahani moja ya wali wa nazi, au muhogo, kwa kadiri ilivyopatikana. Alama zikapungua. Hazikwisha. Mama alisema sauti sasa ilikuwa kama redio ya jirani. Ipo, lakini hulazimiki kuinuka.

Jumapili ikafika. Baba na Charo walibaki kanisani kwa mkutano, Bi Tatu alikwenda kumjulia hali nduguye Likoni, na sote tulijua baba mkubwa angefika jioni. Alifika saa nane. Alishuka garimoshi, akakata njia kando ya reli, akatokea nyuma ya nyumba, mahali palepale sauti ilipozoea kutoka. “Hodi,” akasema. Basi. Mtu mkubwa kama yeye hataji jina katika nyumba ya mdogo wake.

Mama aliendelea kushona. Nilikuwa mlangoni mwa jiko na sufuria mkononi. “Hodi,” tena, kwa nguvu. Nilikwisha kuijua sauti ile. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni baba mkubwa, kwamba amekuja kuangalia jambo hili hili, lakini nilikumbuka onyo la Bi Tatu, nikangoja. Hodi ya tatu ilikuwa na hasira. Mama akainua macho.

“Kadzo, umesikia?”

“Nimesikia, mama. Ni mtu.”

Hakuinuka. Aligeuza uso kuelekea nyuma ya nyumba. “Ni nani?”

“Ni nani? Huijui sauti yangu?”

“Sauti ninazozijua ni nyingi, shemeji. Nataka jina.”

Baba mkubwa akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, kama mtu aliyesimama mbele ya karani, na mama akasema karibu, na alipotokea akamwamkia shikamoo na kumpisha kiti. Nilileta maji. Mama hakungoja aulizwe. Alimwambia ni kweli, anasikia sauti. Leo ameisikia kabla ya yeye kufika, na hata sasa inasema. Baba mkubwa aliuliza, kwa tahadhari, inasema nini.

“Inasema umekuja kuninyang’anya watoto. Nimezoea kuiambia ni mwongo. Leo niiambie nini?”

Baba mkubwa aliizungusha kofia yake magotini, raundi nyingi. Mwishowe alisema amekuja kuwasalimu. Baba aliporudi aliwakuta wanakula, na tulipomsindikiza mgeni kwenye garimoshi aliniuliza ule mkaa mlangoni ni wa nini. Nikamweleza. Akaniambia nisiufute.

Mama aliishi mpaka akawa bibi wa watu wengi. Sauti haikumwacha kabisa; masika mengine ilirudi na ukali wake, nasi tukarudi kwenye mlango na mkaa. Leo ninakaa Mikindani, na nimewahi kumsindikiza kliniki kijana wa jirani mwenye shida kama ile. Daktari alikuwa na jina la ugonjwa, alikuwa na vidonge, na akamuuliza maswali yaleyale ya mlango wetu: saa ngapi, ulikuwa na nani, ulikuwa umekula. Ningempeleka mama pale bila kusita, tena mapema. Kisha tungerudi nyumbani, na bado pangehitajika mtu wa kukaa naye baada ya adhuhuri.

Wajukuu wangu hawakumjua mama. Siku hizi hupiga simu kwanza kusema wako njiani, na wakifika mlangoni mlio wa simu ungetosha kabisa. Lakini husimama nje na kusema, “Hodi, bibi, ni Neema,” “Hodi, ni Baraka,” kwa sababu mama zao walifundishwa hivyo nami, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Nami huwajibu kutoka ndani kabla ya kuinuka: nimesikia.