Dakta Shamsi na Wagonjwa wa Kasumba

"Dakta wenu wa Malindi kamuua Ame," jirani yetu Bi Mize aliniambia barazani, nami namnyonyesha mwanangu. "Kamtilia sumu, kafuturu nayo, kazimika. Na mumeo naye si anakunywa huko huko?"

Ame alikuwa kuli mwenzake Masoud, mume wangu. Kasumba, ile afyuni ya kuvuta, iliwashika wote wawili bandarini, na ilipoadimika hapa Unguja baada ya Mapinduzi walikuwa wakitetemeka mpaka meno yanagongana. Watu waliwacheka. Dakta Shamsi hakucheka.

Ni mtu wa Makunduchi, kasomea Kampala. Wenzake wengi walipoondoka yeye alibaki, akatibu homa na vidonda katika chumba cha chini cha nyumba ya mkewe. Wa kasumba aliwaita asubuhi na jioni, akawapimia dawa ya maji yenye kasumba ndani yake, akiipunguza kidogo kidogo. Mtu akishakunywa humwambia, "Haya, nitajie mama yako." Akitaja, kameza, hakuificha mdomoni. Masoud akaanza kupata mwili, akawa anambeba mtoto bila mikono kumcheza.

Ikaingia Ramadhani. Dakta aliwaambia mgonjwa ana ruhusa ya kula, lakini nani atakubali aonekane mchana anatoka kwake anapangusa mdomo? Wakamwomba dawa waende nayo nyumbani, wanywe ya jioni kwa futari na ya asubuhi kwa daku. Akakubali shingo upande. Ame alilala, daku ikampita. Akashinda na saumu yake anatetemeka, na adhana ya magharibi ilipolia akanywa ile iliyompita na ya jioni kwa pamoja. Hakuamka tena.

Alasiri nilimwendea Dakta, mtoto nimempakata. Nilimkuta anafunga makabati.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba, binti yangu. Kesho nimeitwa kituo cha polisi. Sijui kama ntarudi."

"Si wewe uliyemuua."

"Mimi ndiye niliyewaruhusu waende nayo." Akanitilia mkononi chupa ya Masoud. "Asijue ilipo. Mpimie wewe, mbele ya macho yako, na kila baada ya siku chache punguza tone. Daku ikimpita, imempita. Usimlipe jioni."

"Nshamjua, Dakta. Ataniomba."

"Atakulilia. Atakutukana, atakuapia kwa huyu mtoto. Nakuomba sana, mwanangu, usimpe."