Mawifi Wawili na Tamthilia ya Kale

Saa mbili asubuhi, Mama Mkato anafunga dirisha ili kelele za mtambo wa kuchapa zisiingie, anapiga funda la maji, kisha anaanza kusoma.

"Bwana, mkato, nani kabisha hodi, alama ya kuuliza."

Mbele yake, wifi yake anafuata kwenye karatasi za majaribio za kitabu kisichochapwa bado, kalamu nyekundu mkononi. Ndiyo kazi yao katika kampuni hii ya vitabu vya vyuo vikuu: mmoja anasoma kwa sauti kila neno na kila alama, mwenzake anakamata makosa. Jina la utani la Mama Mkato lilitokana na hizo alama.

Safari hii mezani kuna tamthilia ya mwandishi wa kale wa Uingereza, tafsiri mpya ya Kiswahili. Maelezo ya chini ya kurasa yameletwa, kwa makubaliano, na wachapishaji wa kitaaluma wa huko Uingereza.

Aliyeanza kuzipanga kurasa hizo ni kaka yake Mama Mkato, mume wa wifi huyo. Hakuzimaliza. Figo zilimwondoa.

"Tuligombania maiti," ananiambia Mama Mkato, macho makavu. "Mimi nilitaka alale walipo wazazi wetu. Mwenzangu akataka karibu na watoto, na ndiko alikozikwa. Nikamtamkia maneno yasiyosemeka."

Tangu hapo salamu zikafa. Walikaa meza moja mwezi baada ya mwezi, wakisikilizana kwa maneno ya tamthilia tu.

Ndipo wakafika mahali ambapo dada mmoja katika tamthilia analetewa maiti ya kaka yake. Mama Mkato akasoma mistari miwili, akasukuma kurasa kando.

Wifi akaweka kalamu chini. "Lete nisome mimi. Wewe sahihisha."

Akayasoma maneno ya dada yule hadi mwisho, machozi yakimtiririka, bila kuruka hata nukta. Kisha akasema, "Wifi, alikuwa wako kabla hajawa wangu. Ningekuuliza kwanza."

"Na mimi ningefunga mdomo wangu."

Msimamizi wao alifungua mlango, akawaona wamekumbatiana, akaurudisha taratibu.

"Usiandike kwamba yamekwisha yote," Mama Mkato ananionya. "Kuna siku bado nanuna."

Kitabu kikishaingia mtamboni, wataomba likizo pamoja. Mama Mkato anakunja miwani yake, anamtazama wifi, kisha anaongeza kwa sauti ya chini:

"Mazikoni sikwenda, kwa hasira. Hata kaburi la kaka yangu silijui liko upande gani. Atanipeleka yeye."

"Nitampeleka," anajibu wifi.