Ndege ya Papa Ndeke na Njia ya Mama Feza

Sisi tuliokua Likasi miaka ile king'ora cha kiwanda kilipoanza kulia kwa kubahatisha tunajuana hata kwa macho. Ukikutana na mtu wa rika letu leo, iwe Lubumbashi au ng'ambo, huna haja ya kumweleza bukari, yaani ugali, ya mihogo mitupu ilikuwaje, unga wa mahindi wa kampuni ya madini ulipokoma kuja. Wala huna haja ya kumweleza kwa nini baba wa watu, fundi mwenye cheti chake, alikwenda kazini kila asubuhi na shati lililopigwa pasi, mwezi wa sita sasa bila mshahara. Atacheka kidogo tu.

Lakini mimi nikiikumbuka miaka ile sianzi na njaa. Naanza na harufu: mafuta ya mbarika yanayoungua, yamechanganywa na mafuta ya taa na ile dawa kali ya hospitali inayotia kizunguzungu. Harufu hiyo ilipotufikia Jumapili mchana tuliacha sahani nusu, tukasahau viatu, na watoto wa mtaa mzima tukashuka mbio hadi uwanja ulio nyuma ya klabu ya zamani ya wazungu. Papa Ndeke alikuwa anawasha mashine yake.

Jina lake halisi nililijua nikiwa mkubwa. Kwetu ndeke ni ndege, iwe ya manyoya au ya injini, na yeye tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa mtu pekee Likasi, tulivyoamini sisi, mwenye ndege yake mwenyewe. Alikuwa fundi wa karakana, mwembamba, miwani yake imeshikizwa kwa uzi wa shaba. Bosi wake Mbelgiji, siku ya kufunga virago, alimwachia injini ndogo yenye ukubwa wa ngumi ya mtoto. Papa Ndeke akaiundia mwili kwa mbao nyepesi za masanduku, akayafunika mabawa kwa karatasi, akaipaka rangi nyekundu. Ndege haikuruka popote ilipotaka. Ilifungwa nyaya mbili nyembamba za chuma, na yeye alisimama katikati ya uwanja ameshika mpini, akizunguka pamoja nayo. Akiinua mkono, inapanda. Akiushusha, inateremka. Ilikuwa ikilia kama nyuki elfu ndani ya debe, na sisi tulikuwa tukizungusha vichwa hadi shingo zinauma.

Watoto wa leo nikiwasimulia hayo wananitazama kwa huruma. Ndege inayozunguka tu mahali pamoja? Haina kamera? Nawajibu kwamba sisi wasichana tulicheza nzango, ule mchezo wa kuruka, kupiga makofi na kutupa miguu, mchana kutwa bila viatu, mpira wetu ulikuwa wa mifuko iliyosokotwa, na hakuna aliyetuuliza betri imebaki kiasi gani.

Jambo ambalo siwezi kulieleza vizuri ni jinsi mtu yule alivyokuwa mwangalifu. Nusu ya mchana ilikwisha kabla ndege haijaondoka chini. Kwanza alituonyesha nyaya za umeme unaotoka bwawa la Koni, zilizopita upande wa mashariki wa uwanja, akatueleza kwamba waya wake ukigusana na zile, yeye atakufa amesimama. Basi alijiweka mbali nazo, upande wa magharibi kabisa. Halafu alipima duara kwa hatua zake, urefu wa nyaya na hatua kumi za ziada, na sisi tukasimika vijiti na kuvifunga kamba. Kisha mtu mzima alishika ndege, yeye akavuta nyaya kwa nguvu zake zote kuona kama zitakatika. Upepo ukizidi, hakuna kuruka. Watu wakitoka misa, anangoja wapite wote, hata wale wanaosimama kusalimiana nusu saa. Mara moja mkubwa mmoja wa mji alimtaka airushe siku ya sherehe, mbele ya jukwaa, juu ya vichwa vya watu. Papa Ndeke alikataa kwa heshima sana, na kreti ya bia aliyoahidiwa ikaenda kwa wapiga ngoma. Mke wake alilisema jambo hilo mwaka mzima.

"Ndeke haina macho," alituambia kila Jumapili. "Macho ni yenu."

Macho hayo yaligawiwa. Kila njia iliyoingia uwanjani ilikuwa na mlinzi mwenye kitambaa chekundu. Akiona mtu anakuja, anamsimamisha, na asipotii, mlinzi anainua kitambaa na Papa Ndeke anateremsha ndege. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipopewa njia ya juu, ile inayotoka sokoni. Nilijiona mkubwa kupita dada zangu wote. Mama yangu alisema siku hiyo sikula vizuri kwa kiburi.

Jumapili yenyewe ilikuwa mwisho wa kiangazi, vumbi jekundu limetanda hadi kwenye majani ya miti. Ndege ilikuwa hewani. Nyuma yangu, chini ya ukuta wa klabu, wasichana wa mtaa wetu walikuwa wakicheza nzango na wale wa ng'ambo ya reli, na walikuwa wanashindwa vibaya. Walikuwa wameniita mara ya kwanza kabla ndege haijapanda, nikakataa. Mara ya pili nikatazama njia, nikaona haina mtu. Nikafunga kitambaa changu kwenye kijiti, kana kwamba kitambaa kinaweza kusema, nikaenda. Michezo mitatu tu, nilijiambia.

Mama Feza aliuza samaki wakavu kutoka ziwa Tshangalele. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya kuamsha maiti, na kila Jumapili, kwa kawaida kabla injini haijawashwa, alikatiza uwanjani na beseni kichwani kwenda kwa wateja wake wa mtaa wa chini. Mwenye beseni kichwani hatazami juu. Kelele ya injini aliidhani ni ya kinu cha unga, alisema baadaye. Alifika kwenye kamba, akaisukuma kwa goti, akaingia.

Mimi nilisikia tu injini ikibadilisha sauti. Nilipogeuka, Papa Ndeke alikuwa amemwona, na ndege ilikuwa imebakiza nusu duara kumfikia. Ni muda wa kuvuta pumzi mara moja. Hakupiga kelele. Alishusha mkono wake hadi magotini, na ndege nyekundu ikapiga pua ardhini kwa mwendo wake wote, hatua chache kutoka kwa yule mama.

Kisha samaki wakaanza kuanguka mmoja mmoja kutoka kwenye beseni, na tukaona damu. Kipande cha pangaboi la mbele la ndege kilikuwa kimeruka na kumpasua mguu, chini ya goti.

Papa Ndeke hakuitazama ndege. Alivua shati lake la Jumapili, akaufunga mguu, akamkalisha Mama Feza, akapiga magoti mbele yake katika lile vumbi. Mama Feza alikuwa amepata sauti yake tena. Akauliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kuua watu Jumapili.

"Hii njia napita hapa mbele weye hauyaleta hii kintu yako," alimwambia, yaani alikuwa akiipita kabla ndege haijaletwa.

"Ni kweli, Mama," alijibu Papa Ndeke. "Njia ni yako. Kosa ni yangu."

Watu walikuwa wamekusanyika, na miaka ile watu wakikusanyika walikuwa wakitafuta wa kulaumiwa. Mishahara haikuja, hospitali hazikuwa na dawa, madawati ya shule yalikuwa yakibaki wazi kwa sababu wenzetu wenye asili ya mkoa mwingine walifukuzwa na kupandishwa treni pamoja na wazazi wao, na kila mtu alikuwa na jina la mtu mwingine mdomoni. Basi mwanamume mmoja akauliza kwa ukali: huyo mtoto wa njia ya juu alikuwa wapi? Nilisimama nyuma ya dada yangu. Miguu yangu ilikuwa bado na vumbi la nzango. Papa Ndeke alinitazama mara moja tu, akageuka.

"Waya ilikuwa kwa mukono wangu," alisema. "Haiko kwa mukono wa mutoto."

Walimpeleka Mama Feza kwa masista wa zahanati kwa baiskeli, Papa Ndeke akiisukuma. Uzi wa kushonea jeraha ilibidi autafute nyumba kwa nyumba. Mguu ulishonwa, na sista akasema asikanyage sana kwa wiki tatu.

Wiki tatu kwa mjane anayeishi kwa samaki ni njaa ya watoto watano. Hilo hatukulifikiri sisi. Jumatatu, mama yangu alirudi kutoka sokoni akiwa ameshika mdomo. Papa Ndeke, fundi wa karakana, mtu wa miwani, alikuwa ameketi kwenye kigoda cha Mama Feza kati ya wanawake, amevaa aproni ya maua, anauza samaki. Kiwandani aliaga mapema. Siku hizo hakukuwa na kazi ya kumzuia. Mji ulicheka. Wanaume wenzake walikuja makusudi kununua samaki mmoja ili wamwone, na wengine walimwita Mama Ndeke. Alijifunza kupanga mafungu, alijifunza kupunga nzi, na jioni alipeleka kila kitu kwa Mama Feza, ambaye siku za kwanza alimlaani kwa kumpangia mafungu makubwa mno.

Mimi sikulala vizuri juma zima. Siku ya tano nilikwenda sokoni, nikasimama mbele ya samaki. Yeye aliendelea kupunga nzi. Mwishowe nikamwambia kwamba nilikwenda kucheza nzango.

"Najua," alisema. "Nilikuona mbele ya kurusha."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kwa sauti ya chini ili jirani wasisikie, kwamba aliona wasichana wakiniita hata kabla ya ndege kupanda. Aliona kwamba nilikuwa peke yangu. Alijua kwamba mtoto wa miaka kumi na mmoja ana masikio, na nzango ni tamu. Lakini injini ilikuwa imeshika moto vizuri siku ile, na mafuta yalikuwa ya mwisho kwenye chupa, naye akajiambia itakuwa sawa.

"Ile 'itakuwa sawa', njo ilikata Mama Feza," alisema. "Weye ulicheza. Minye nilijua."

Nililia pale pale mbele ya wateja. Aliniacha nilie, kisha akaniambia niende kwa Mama Feza mwenyewe, kwa sababu msamaha ule si wake yeye kuutoa. Nilikwenda. Mama Feza alinisikiliza, mguu wake juu ya kiti. Alinionyesha beseni. Niliosha beseni lile kila jioni hadi siku aliposimama, na darasani hakuna aliyetaka kukaa karibu nami kwa harufu ya samaki.

Ndege ilichukua wiki nyingi kupona. Mwenzake wa karakana alichonga mhimili mpya wa injini kutoka chuma kilichotupwa, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza siku tulipoisikia tena. Tulishuka uwanjani tukakuta mambo yamebadilika. Kila njia ilikuwa na walinzi wawili, na mmoja wao lazima awe mtu mzima. Kwenye njia ya juu, juu ya kigoda, alikaa Mama Feza na beseni lake miguuni. Aliomba kazi ile yeye mwenyewe. Alisema kama kuna mtu atakatwa mguu tena, awe amepita mbele ya macho yake. Hakuhitaji kitambaa. Mwanajeshi mmoja alijaribu kupita siku hiyo, akarudishwa na sauti tu, na alipokuwa anangoja akanunua samaki wawili. Mimi niliketi kando yake. Sikugeuza kichwa hata mara moja, ingawa ukutani walikuwa wanapiga makofi ya nzango.

Tuliishangilia ndege Jumapili nyingi baada ya hapo, mpaka ile dawa ya hospitali ikawa haipatikani kabisa. Papa Ndeke alihamia Kipushi kwa binti yake, na tukasikia kwamba alizikwa huko. Sikuwahi kujua injini ilikwenda wapi.

Mwezi uliopita nilikuwa Likasi kwa arusi ya mtoto wa dada yangu. Kijana mmoja, nywele zimechongwa vizuri, alirusha drone ya kupiga picha juu ya vichwa vyetu, juu ya watoto wachanga na sufuria za sombe, yaani kisamvu, naye macho yake yote yako kwenye simu. Nilimwuliza ikianguka itakuwaje. Akanijibu kwa adabu kabisa, kama wanavyotujibu wazee, kwamba haianguki, mama, iko na GPS. Watu walicheka, nami nikacheka nao. Kinaruka vizuri kile kidude, siwezi kukataa, na picha zilitoka nzuri. Hata mimi nimeonekana bado nina kiuno.

Lakini nilibaki nimeinua shingo hadi kilipotua. Nilimfikiria mtu mmoja katika miaka ambayo mji wetu wote ulianguka, vinu, reli, hospitali, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyejitokeza kusema kosa ni lake. Yeye aliyasema maneno hayo amepiga magoti katika vumbi, mbele ya watu wote, kwa ajili ya ndege ya mbao na mguu wa muuza samaki. Nawaonea wivu watoto wetu kwa mambo mengi waliyonayo. Hilo moja naona tuliwahi kuwa nalo sisi.